Hajaachama Huyo

Juzi Luanda Kotieno, tukingoja feri ya Mbita, rafiki yangu alinionyesha korongo mweusi kando ya maji. "Kwa Kizungu ni 'open-billed'," akasema, "yaani domo wazi." Nilikataa, na bado nakataa. Kwetu, aliyebaki mdomo wazi ni mtu aliyeduwaa. Ndege huyu hajaduwaa! Hata akifunga mdomo, ncha zinakutana ila katikati panabaki mwanya, na kwa mdomo huohuo huchomoa konokono kwenye gamba lake. Hiyo "open" ni mwanya, si kuachama. Tukitafsiri neno bila kumtazama ndege, tunamtukana fundi. Mimi namwita mchomoa-konokono. Una jina bora? Lete, lakini kwanza nenda ziwani umwone akila.