Mitandao Iliyounganika: Uliza Nyumba Ni ya Nani



Mwenye laini ya Safaricom humpigia wa Airtel, na mwenye barua pepe ya Gmail humwandikia wa Yahoo, wala hapana anayestaajabu. Lakini aliye Facebook hawezi kumfuata aliye X mpaka afungue akaunti ya pili, kwani kila kampuni imejenga boma lake na kushika ufunguo. Iko mitandao mingine iliyojengwa kwa mwendo wa barua pepe, na ni vyema wazazi waifahamu kabla ya watoto wao kuingia.

Mashuhuri kati ya hiyo ni Mastodon, ulioanzishwa Ujerumani mwaka 2016 na Eugen Rochko. Huo si nyumba moja, bali ni mtaa wa nyumba nyingi. Kila nyumba, yaani seva, ina mwenyewe na kanuni zake, na anwani ya mkaazi hubeba jina lake pamoja na jina la seva yake. Wa seva hii humfuata wa seva ile kwa kuwa zote husema lugha moja, itifaki iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa na jumuiya ya W3C mwaka 2018. Lugha hiyo ndiyo ya Pixelfed kwa picha, PeerTube kwa video na Lemmy kwa mijadala. Hata Threads ya kampuni ya Meta imeifungulia dirisha, ingawa si mlango mzima.

Bluesky ni jirani mwenye lugha nyingine, AT Protocol. Hasemezani na Mastodon ila kwa mkalimani wa katikati. Ubora wake ni kuwa anayehama seva huweza kuchukua maandishi yake na wafuasi wake, ilhali wa Mastodon huhama na wafuasi, maandishi yakabaki nyumba ya zamani. Upungufu wake ni kuwa kila linalochapishwa Bluesky li hadharani, ilhali Mastodon humruhusu mtu kuwaandikia wafuasi wake peke yao.

Sasa natuje kwenye sitara, hasa kwa mama na mabinti. Kwanza, ujumbe wa faragha wa Mastodon haukufungwa kwa kufuli ya siri. Msimamizi wa seva ana uwezo wa kuusoma. Siri za nyumba zisipitie huko. Pili, picha ikishavuka kwenda seva nyingine, nakala yake huweza kubaki kule. Ukiifuta, seva yako hupeleka ombi tu, na mwenye seva ya pili huenda asilitii. Tatu, seva nyingi huendeshwa na watu wa kujitolea. Mwema huzuia matusi na uchafu, hata akakata uhusiano na seva nzima iliyo ovu. Mzembe huacha mlango wazi. Na akichoka au akiishiwa na fedha, nyumba hufungwa.

Basi binti akiomba ruhusa ya kujiunga, asiulizwe jina la mtandao pekee. Aulizwe: seva ni ya nani, kanuni zake zasemaje, na nani ataona picha? Keti naye mzisome kanuni hizo pamoja. Asipopata jibu la wazi, na asubiri. Kuchelewa kujiunga hakumpunguzii kitu, bali picha iliyokwisha sambaa hairudi.

Wabillahi tawfiq.