Rudisheni Daftari la Mama Yangu

Mama yangu alikuwa na daftari. Kauntabuku la kwaya mbili, limefunikwa kwa gazeti na juu yake nailoni, kama tulivyofunika madaftari yetu ya shule. Humo ndani mlikuwa na miaka 11 ya presha yake: kila kipimo, kila dawa iliyoongezwa au kupunguzwa, mihuri, saini, miandiko ya madaktari ambao wengine wameshastaafu. Nyuma ya jalada muuguzi mmoja mwenye akili alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa: ASIPEWE SULFA.

Kisha kituo alichotibiwa kikaingiza mfumo. Kompyuta mapokezini, kompyuta kwa daktari, kompyuta maabara na dirisha la dawa. Mama alipotoa daftari lake akaambiwa kwa upole kabisa, "Mama, hilo kaliweke nyumbani, siku hizi kila kitu kipo kwenye mfumo." Akapewa kikadi chenye namba. Akaenda kulitia daftari sandukuni, pamoja na vyeti vya ubatizo na hati ya kiwanja.

Miaka miwili baadaye alikwenda kumtembelea mdogo wangu mkoa mwingine, akashikwa na homa kali hata akawa hajitambui. Hospitali ya huko ilikuwa na mfumo wake, na mfumo huo haukumjua. Daktari akamuuliza mdogo wangu: anatumia dawa gani? Kuna dawa inayomdhuru? Mdogo wangu akajibu alichokijua: ni mgonjwa wa presha, anameza kidonge kidogo cha njano kila asubuhi. Ile namba ya kikadi haikuwa na maana zaidi ya namba ya kiti cha basi alilopanda kwenda huko. Mama akapewa Septrin, dawa yenye sulfa. Siku chache baadaye midomo ikapasuka na ngozi ya mgongo ikaanza kubambuka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Alilala wodini siku 17. Yu hai, namshukuru Mungu, lakini hadi leo hapendi kuvua kitenge mabegani hata kwenye joto la Februari.

Daktari yule simlaumu. Aliuliza maswali sahihi, ila majibu yalikuwa yamefungiwa kwenye mashine mkoa mwingine. Ninaowalaumu ni wale waliotuambia kwamba mfumo ni maendeleo, wakachukua maendeleo yote wakabaki nayo upande wao wa dirisha. Miaka yote ile ya karatasi, mgonjwa maskini wa nchi hii alitoka hospitali na historia yake kwapani. Lilikuwa daftari la shilingi mia chache, linalolowa mvua na kuliwa na panya, lakini lilikuwa lake. Alilifungua akitaka, akamwonyesha daktari mwingine akitaka, akalificha akitaka. Leo anatoka mikono mitupu. Kompyuta, ambayo ingeweza kumpa zaidi ya daftari, imemnyang'anya hata hilo daftari.

Baada ya mkasa ule nilikwenda kituo kile cha kwanza kuomba kumbukumbu zote za mama, nikiwa na barua yenye saini yake na nakala ya kitambulisho chake cha NIDA. Kijana wa dirishani akanisikiliza, akasema, "Kaka, faili ni mali ya hospitali." Nikaelekezwa kwa mganga mfawidhi, huko nikaambiwa niandike barua nyingine, ya pili ikapotea, ya tatu ikajibiwa kwamba "utaratibu unaandaliwa". Wiki tano. Mwishowe nikapewa karatasi moja yenye mistari sita, muhtasari wa miaka miwili ya maisha ya mama yangu. Sulfa haikutajwa popote. Aliyehamisha habari kutoka daftarini kwenda kwenye mfumo, kama aliwahi kuhamisha, hakugeuza jalada. Na mama hakuwa na namna ya kuliona kosa hilo, kwa kuwa hakuwahi hata siku moja kuonyeshwa kilichoandikwa juu yake.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kosa la kuruka mstari hufanywa na binadamu yeyote aliyechoka. Lakini mtu mmoja tu duniani ndiye angelikamata kosa lile kwa kutupia jicho mara moja, naye ndiye aliyezuiwa kutazama.

"Faili ni mali ya hospitali." Karatasi ni yao, sawa. Kompyuta na umeme wanalipia wao. Lakini damu iliyopimwa ni ya nani? Fundi akikushonea gauni hadai kwamba vipimo vya kiuno chako ni mali yake. Na sheria ya Tanzania iko upande wetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, inampa mwenye taarifa haki ya kuzifikia, na haki ya kutaka zilizokosewa zirekebishwe. Tume ya kuisimamia ipo. Rais aliizindua Aprili 2024. Tume hiyo naiuliza hadharani: ni hospitali ngapi mmekwisha kuzibana ili mgonjwa apate chake bila barua tatu na wiki tano?

Msinijibu kwamba nchi bado changa kwa mambo haya. Kwa wenye mabilioni pia ilikuwa vita. Mwaka 2009, katika mji mkuu wa Marekani, mama mmoja aitwaye Regina Holliday aliomba kumbukumbu za mumewe aliyekuwa akiumwa saratani ya figo. Akaambiwa senti 73 kwa kila ukurasa, na asubiri siku 21. Mumewe alifariki Juni mwaka huohuo. Mjane yule, ambaye ni mchoraji, akaupaka ukuta mmoja wa jiji mchoro mkubwa wa kitanda cha mumewe na kuupa jina la bei ile: senti 73. Ilipofika Aprili 2021 sheria ya shirikisho ilikuwa inawakataza watoa huduma kumzuilia mgonjwa taarifa zake za kielektroniki bila sababu inayokubalika. Haki ile haikushuka kama mvua. Watu walipiga kelele.

Sasa nije kwa hoja ninayoichukia kuliko zote, ile inayotolewa na wasomi kwa sauti ya huruma: mgonjwa akisoma mwenyewe hataelewa, ataingiwa na hofu, atamsumbua daktari. Mwaka 2010 madaktari 105 wa Boston, Pennsylvania na Seattle walikubali kuwafungulia wagonjwa wao maelezo wanayoyaandika baada ya kuwaona. Wengi waliogopa mambo hayohayo. Mwaka ukaisha. Wagonjwa 99 kati ya kila 100 waliojibu walitaka utaratibu uendelee, wengi wakasema sasa wanakumbuka kumeza dawa zao vizuri zaidi, na hakuna hata daktari mmoja aliyeamua kufunga mlango tena. Hata mmoja!

Wala hatuhitaji kwenda Boston. Ingia kliniki yoyote ya mama na mtoto asubuhi, utawakuta wamepanga foleni, kila mmoja na kadi yake mkononi. Kadi ya mjamzito inakaa kwake nyumbani, miezi yote tisa. Kadi ya mtoto vilevile: chanjo, tarehe, uzito. Mama ambaye hakumaliza darasa la saba anakuonyesha kwa kidole mahali mstari wa mwanawe ulipotoka kwenye kijani, na anakumbuka kwamba mwezi ule mtoto aliharisha. Tumewaamini wanawake hawa na kumbukumbu zao kwa miongo. Wamezihifadhi kwenye mifuko ya plastiki, wamevuka nazo mito, wamejifungua nazo. Nani basi alikaa ofisini akaamua kwamba mwanamke huyohuyo, akiugua kisukari akiwa na miaka 50, amekuwa mjinga asiyeweza kushika karatasi yake?

Na kama kweli hataelewa, kosa ni la nani? Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ili mshtakiwa aelewe anachoshtakiwa. Mgonjwa bado anaandikiwa kwa Kiingereza cha vifupisho, herufi tatu hapa, mbili pale, na mshale unaoelekea juu. Kutoelewa kwake kumetengenezwa, halafu kunatumiwa kama sababu ya kumnyima.

Kuna hofu nyingine ambayo ninaiheshimu. Mwanamke anayeishi na VVU ambaye mumewe hushika simu yake kila usiku. Binti aliyekwenda kuchukua uzazi wa mpango. Kijana aliyetibiwa ugonjwa wa akili na anatafuta kazi. Watu hawa wakifunguliwa kumbukumbu kwenye simu kizembe, wataumizwa, na huko Finland tumeona ubaya unavyoweza kufika. Mwaka 2020 mhalifu aliyeiba kumbukumbu za kituo cha tiba ya akili kiitwacho Vastaamo aliwaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, akidai fedha la sivyo ataanika siri walizomwambia mtabibu. Maelfu ya watu. Alihukumiwa kifungo mwaka 2024, lakini siri ikishatoka haipelekwi gerezani na mwizi wake.

Ila tazama siri za Vastaamo zilikuwa wapi. Zilikuwa kwa mwenye kituo, zimehifadhiwa hovyo, na mgonjwa hakuwa na njia ya kujua. Kumnyima mgonjwa funguo hakukumlinda hata kidogo. Na hapa kwetu je, yule mwanamke ana siri leo? Katika mfumo wa hospitali ni wangapi wanaoweza kufungua jina lake? Jirani yake wa mtaani anafanya kazi mapokezini. Shemeji yake yuko maabara. Akifunguliwa saa tano usiku na mtu asiyehusika na tiba yake, nani atamwambia?

Estonia wamelijibu swali hilo tangu mwaka 2008. Mwananchi wa huko akiingia kwenye kumbukumbu zake anaona pia nani alizifungua na lini, na anaweza kufunga sehemu asiyotaka ionekane. Mtabibu anayechungulia bila sababu anajua ameacha nyayo. Hayo ndiyo mamlaka ninayoyadai: mama asome, asahihishe, afunge, afungue, na aone majina ya waliopita. Kusoma peke yake hakutoshi. Mwanamke mwenye mume mkorofi apewe uwezo wa kusema simu yangu isiletewe chochote, nitakuja kusoma kituoni nikiwa peke yangu.

Majirani zetu wa Kenya nao wana la kutufundisha. Sheria yao ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 inazitambua data za afya kuwa rasilimali ya kimkakati ya taifa. Desemba 2025 serikali yao ikatia saini makubaliano ya afya na Marekani, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu inayohusu kupeana data za wagonjwa. Kumbe zina thamani kiasi cha kuwekwa mezani baina ya mataifa! Lakini mwenye damu akiziomba dirishani, anaambiwa utaratibu unaandaliwa.

Na msiniambie kwamba wengi hawana simu janja. Bibi yangu mzaa baba, marehemu sasa, alikuwa na kiswaswadu chenye betri iliyofungwa kwa mpira, na alijua salio lake la fedha kuliko mhasibu. Nyota, namba, reli, neno la siri, basi. Kama nchi nzima imefundishwa kutuma na kupokea pesa namna hiyo, dawa tatu na onyo moja la mzio haviwezi kushindikana. Asiye na simu apewe karatasi iliyochapwa kila anapotoka kwa daktari, bure, kwa Kiswahili, hata kabla mifumo ya nchi nzima haijaanza kusomana. Mashine ya kuchapa stakabadhi ya malipo mbona ipo kila dirisha, na haikosi karatasi?

Juzi nimelitoa daftari la mama sandukuni. Nimelipiga picha kurasa zote, nikazituma kwa ndugu zangu wote watano. Jumatatu namrudisha kliniki, safari hii nalo kwapani. Daktari akimaliza kuandika kwenye kompyuta, sitainuka. Nitaomba aigeuze skrini upande wa mama, amsomee alichoandika, kisha akiandike na humu.