Staa wetu, huyo paka hapumziki, ana baridi

Haya jamani, ile video wote mmeiona. Jina kapuni, sitaki kesi na mtu, ila anayejua anajua. Dada yetu kapanda toka Dar mwezi huu wa saba, kafikia kwenye mjengo wa maana kule Njiro, na kaja na paka wake wa Kiajemi kamnyoa mtindo wa simba. Kichwani manyoya, mkiani kishungi, katikati kote kipara. Paka kajikunja juu ya marumaru kama andazi. Dada mwenyewe kavaa sweta, juu yake jaketi, miguuni soksi nene. Halafu kaandika chini kwamba mwanawe anapumzika, na watu wakamwaga makopakopa.

Wiki nzima mnabishana kama ule mjengo ni wake au kalipiwa na pedeshee. Hayo mtajuana wenyewe. Mimi niliyemuonea huruma pale ni paka.

Kuna wadau walinijia juu nilipogusia hili. Wanasema paka ana manyoya yake, Mungu kashamvalisha, baridi ya nini? Kwanza huyu kavuliwa. Pili, hata ambaye hajanyolewa mnamuonea. Joto la mwili wa paka ni nyuzi 38 hadi 39, limezidi la kwetu. Wataalamu wa wanyama wanasema mwili wake unatulia kabisa, bila kuhangaika kujipasha wala kujipooza, hewa ikiwa kama nyuzi 30 mpaka 38. Soma tena hapo. Wewe na nguo zako ukiwa kwenye nyuzi 22 unasema leo hali ya hewa tamu, yeye muda huo ameshaanza kulitafuta jua. Ndio maana ukiwasha tivii anapanda juu ya king'amuzi. Watu wanadhani anapenda tamthilia.

Na wala sio deko. Paka wa nyumbani katokana na paka pori, jamii ya Afrika na Mashariki ya Kati, viumbe wa nchi kavu na jua kali. Ndugu zake mpaka leo wanazurura Serengeti.

Sasa mlete Chuga. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mgongoni tuna Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500, na ikifika Juni na Julai mlima wenyewe unajificha mawinguni siku nzima. Usiku joto linashuka mpaka nyuzi 12 na chini ya hapo. Ukipanda kuelekea Ilboru au Ngaramtoni ndio kabisa, asubuhi unaongea mdomo unatoa moshi. Na nyumba zetu hazina mfumo wa kupasha joto. Tumeiga marumaru za kung'aa kwenye magazeti, zinapendeza kwenye picha, ila mwezi wa saba ni kama kulala juu ya friji. Mtoto mchanga huwezi kumlaza pale, sasa paka kipara unamlazaje?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa yake haifiki hata bei ya kucha za huyo dada. Boksi tu. Lisiwe kubwa, liwe la kumtosha kujikunja, maana joto linalopasha boksi ni la mwili wake mwenyewe. Chini weka magazeti, juu ya magazeti kipande cha blanketi la mtumba kutoka Kilombero, au shuka la Kimaasai lililochoka. Liinue toka sakafuni, weka juu ya stuli au kiti, mbali na mlango. Usiku ukiwa mkali sana jaza maji ya moto kwenye chupa, yasiwe yanachemka, ifunge kwa taulo, iweke upande mmoja wa boksi. Upande mmoja, sio kote, ili akiona limezidi asogee. Paka akipewa pa kuchagua anajua kuchagua kuliko sisi. Vitoto vyake vichanga ndio havijiwezi kabisa, kwenye wiki za mwanzo haviwezi kujitunzia joto, kwa hiyo nyie mnaouza vitoto vya wiki mbili mtandaoni mkijua mama yake yupo, mnajijua.

Visweta vile vya kuvalisha paka mimi sivielewi. Mara nyingi anaganda tu kama kashikwa na polisi, hawezi kujilamba, hawezi kuruka. Vinampendeza mwenye simu.

Ila hapa kwenye jiko la mkaa naomba tuache utani. Watu wa mji huu baridi ikikaza wanaingiza jiko chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Paka naye anasogea palepale pembeni ya jiko. Wengi wanaamini moshi ukiisha na mkaa ukiwa mwekundu basi hatari imeisha. Hapana. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na chumba kikiwa kimefungwa inaua mtu na paka usingizini. Pikia nje, jipashe nje. Kulala nalo usijaribu, hata kama mwenye nyumba anasema yeye miaka yote analala nalo.

Na akipiga chafya kwa baridi usimvunjie Panadol. Paracetamol ni sumu kwa paka, kidonge kimoja kinatosha kummaliza. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Nikirudi kwa dada yetu, nasikia alimnyoa kwa sababu ya joto la Dar. Hapo namuelewa nusu. Waajemi wana pua iliyobonyea, kupumua kwenyewe shida, na Februari ya Dar kwenye chumba cha bati ni mateso. Paka ukimuona anahema mdomo wazi kama mbwa, hapo pameharibika, mpoze kwa kitambaa chenye maji, mtoe penye joto, umuwahishe kwa daktari. Lakini kwa siku za kawaida feni, kivuli, maji safi na kumchana manyoya kila siku vinatosha. Yale manyoya yanachukua miezi kurudi, na ratiba ya shoo haisubiri. Ukijua Julai unapanda Arusha, mwache nayo.

Kitu cha mwisho kwa wenye magari. Paka waliofungiwa nje usiku wanapanda kwenye injini kutafuta joto. Asubuhi piga boneti makofi mawili kabla hujawasha. Bodaboda nyie hamna boneti, twendeni kazini.