Mharibifu wa Shamba na Haki ya Kiumbe



Mwezi uliopita tuliletewa maswali matatu na wazazi wa mtaa wetu huu wa Balsall Heath. Yametoka nyumba tatu mbalimbali, lakini yote yanateka maji katika kisima kimoja. Mzazi wa kwanza ameuliza kama inafaa kutega panya kwa gundi jikoni. Wa pili amelalamika kwamba kindi wamemfukulia maharage na vitunguu alivyovipanda nyuma ya nyumba. Wa tatu ndiye aliyetutia wasiwasi zaidi: kijana wake wa miaka 16 anaomba anunuliwe bastola ya upepo, apate kuwapiga kindi na mbweha wa uchochoroni, na anadai kwamba hiyo itakuwa hisani kwa majirani. Tumeona tuyajibu kwa pamoja, kwa kuwa msingi wake ni suala moja: kiumbe anapotuharibia, tuna haki gani juu yake, naye ana haki gani juu yetu?

Tuanze kwetu. Aliyelelewa shamba Unguja hahitaji kuelezwa mharibifu ni nani. Nguruwe-mwitu huingia kondeni usiku, na kwa saa chache hufukua muhogo ambao mwenyewe ameulea kwa miezi. Hali akashiba akaondoka; huvunja, hukanyaga, na aghalabu huacha hasara kubwa kuliko alichokitia tumboni. Mchana hufika kima, nao hawana haya. Mpunga unapoanza kupevuka, ndege hushuka juu yake tangu alfajiri. Kwa hiyo kulima peke yake hakukutosha. Ilimlazimu mtu pia kulinda. Wazee walijenga dungu wakalala juu yake, wakakoka moto, wakapiga madebe usiku kucha. Watoto walipewa kazi ya kuamia ndege kwa teo na kelele. Makonde yalizungushiwa ua wa miti na miba. Haya yote yalitangulia mkuki.

Ulinzi ulipozidiwa ndipo walipoitwa wasasi. Walikwenda kwa makundi, pamoja na mbwa, mikuki na nyavu, wakaizingira vichaka ambamo nguruwe hujificha mchana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kazi hii iliungwa mkono na serikali, na wasasi wakawa na jumuiya yao ya Wasasi wa Kitaifa. Tunawaomba vijana wetu walizingatie jambo moja katika usasi huu. Nyama ya nguruwe ni haramu kwetu. Msasi Mwislamu hakupata kitoweo. Tena kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, mbwa na nguruwe wote wawili ni najisi nzito, na aliyeguswa na umajimaji wao hana budi kuosha mara saba, moja yake kwa udongo. Basi mtu huyu alitoka nyumbani kwake, akachoka juani, akajitia katika najisi na taabu ya kujitoharisha, kisha akarudi mikono mitupu. Faida iliyobaki ni kwamba jirani yake angevuna muhogo wake. Sisi twaona hapo ndipo penye kipimo cha usasi wa mharibifu: umeua kwa sababu ya haja, na haja ikiisha, mkuki unarudi darini.

Hatusemi kwamba wazee wetu walikuwa malaika. Habari ya chui wa Unguja yatosha kutukumbusha. Chui naye ni msasi wa nguruwe, na lau tungalimtazama kwa jicho la mkulima tungalimwita msaidizi. Lakini watu walimwogopa, akala mbuzi wao, na ikaenea itikadi kwamba wachawi huwafuga chui na kuwatuma kudhuru watu. Katikati ya miaka ya 1960 palikuwa na kampeni kubwa ya kuwasaka wachawi na chui kwa pamoja, iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu wengi walimhesabu chui huyo kuwa ametoweka. Mwaka 2018 ilitangazwa picha ya kamera iliyodaiwa kuwa ni yake. Lakini dai si kundi la chui porini. Tulimhukumu kwa uvumi, na hukumu ya aina hiyo haina rufaa.

Mfano wa pili una matumaini zaidi. Kima punju, yule mwekundu ambaye asili yake ni Unguja tu, alishitakiwa na wakulima walio karibu na Msitu wa Jozani kwamba anawamalizia nazi changa. Shitaka lilikuwa zito, maana mnazi ni riziki ya mtu na urithi wa watoto wake. Watafiti wawili, Siex na Struhsaker, walikwenda kuhesabu nazi badala ya kuhesabu malalamiko, na mwaka 1999 wakatoa matokeo yao. Waliona kwamba mahali kima walipokula nazi changa nyingi, mavuno ya mwisho hayakupungua. Yalielekea hata kuzidi. Yamkini mnazi uliopunguziwa matunda hupata nguvu ya kuyakuza yaliyobaki. Haina maana kwamba kima hagusi mazao mengine. Maana yake ni kwamba kabla ya kumhukumu kiumbe yapasa kupima hasara, kwa kuwa jicho la mwenye shamba lililojaa hasira ni shahidi mmoja tu.

Mfano wa tatu ni kunguru wa Bara Hindi, ambaye aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji. Akazaana, akavuka hadi bara, akawa mwizi wa vifaranga na mayai na adui wa ndege wa asili. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 ilifanyika kampeni Zanzibar, na kunguru wakapungua sana. Kampeni ilipokoma, wakarejea. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya nalo lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni 1. Tunalolisoma hapa ni hili: ukiua mharibifu ukaacha jaa lililomlisha, umemfanyia nafasi mwenzake.

Sasa tuitazame dunia pana, kwa sababu huko ndiko kijana wetu alikopata wazo lake. Marekani kuna mnyama aitwaye woodchuck, jamaa wa kindi, mnene, achimbaye mashimo katika makonde ya majani ya mifugo na maharage. Mkulima humchukia kwa sababu mbili: hula mimea michanga, na mashimo yake huhofiwa kuvunja miguu ya farasi na ng'ombe au kuharibu mitambo ya kuvunia. Wenye mashamba huwaruhusu wawindaji kuja kumpunguza, na miongoni mwao wako wanaomwinda kwa bastola zilizofungwa darubini, kwa kuwa bastola ni ngumu kulengea kuliko bunduki ndefu na ugumu huo ndio unaowapendeza. Hatuna neno na mkulima wa huko anayelinda shamba lake. Lakini tunamwuliza kijana: ikiwa silaha imechaguliwa kwa sababu inapunguza uhakika wa shabaha, ni nani anayelipa gharama ya risasi iliyokwenda kombo? Analipa mnyama aliyejeruhiwa, anayejiburura hadi shimoni akafie huko.

Dini yetu haikuacha jambo hili bila mwongozo. Katika hadithi zilizomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametaja viumbe watano waharibifu ambao huuawa hata ndani ya Haram: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali aumaye. Wako wanavyuoni waliosema kwamba sababu ni madhara yao, wakakisia juu yao kila chenye kudhuru mfano wao. Basi kuua mharibifu kuna ruhusa. Lakini ruhusa hiyo imefungwa kwa masharti. Shaddad bin Aws (r.a.) amepokea kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuua, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake na kumpunguzia mnyama taabu. Na Ibn Umar (r.a.) alipowakuta vijana wamemfunga ndege wakimfanya shabaha, wakatawanyika walipomwona, naye akawaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Vijana wale hawakuwa na shamba la kulinda. Walikuwa na mchezo.

Tumalize kwa sheria ya nchi tunayoishi, kwani asiyejua sheria hasamehewi kwa kutojua. Tarehe 13 Machi 1996, katika mji wa Dunblane, Scotland, mtu mmoja aliingia shuleni na bastola akawaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata, 1997, zilipitishwa sheria mbili zilizopiga marufuku takribani bastola zote za risasi katika England, Scotland na Wales. Sisi tuliopata kusimama mbele ya darasa hatuwezi kulisoma tukio lile kama habari ya magazeti tu. Bastola ya upepo yenye nguvu ndogo haimo katika marufuku hiyo, lakini si kitu cha kuchezea. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuinunua. Mzazi mwenye nayo anawajibika kuiweka mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia. Kuichukua barabarani bila sababu ya halali ni kosa, na kurusha kidonge kikavuka mpaka wa nyumba yako bila ruhusa ni kosa pia. Wasomaji wanazijua nyua zetu za nyuma: ukuta wa tofali, kamba ya nguo ya jirani, na watoto wa jirani chini yake. Hapo hakuna pa kurushia. Na polisi anayeitwa kwa sababu kijana ameonekana na bastola dirishani hatajua kwanza kama ni ya upepo.

Basi majibu yetu ni haya.

Kwa mwenye panya: kumwua kunajuzu, lakini si kwa gundi. Mtego ule humshika akiwa hai, akahangaika kwa saa nyingi hadi afe kwa kiu na uchovu, na hilo linapingana na wema tulioamrishwa. Sheria nayo imelifunga: tangu tarehe 31 Julai 2024 ni kosa mtu wa kawaida kutumia mtego wa gundi kwa panya katika England. Tumia mtego wa chuma uuao mara moja, ziba matundu ya mabomba, weka mchele na unga katika vyombo vyenye vifuniko. Tunakumbuka mifuko ya taka ilivyorundikana katika mitaa ya Birmingham wakati wa mgomo wa wazoa taka mwaka 2025, na panya walivyokuja kwenye karamu. Panya hufuata taka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa mwenye maharage: funika mbegu kwa wavu wa waya hadi zichipue, wala usimwagie ndege makombo ya mkate, maana kindi ndiye mgeni wa pili wa sahani hiyo. Ukimtega kindi wa kijivu akiwa hai, sheria haikuruhusu kumwachia tena, na kumzamisha majini ni ukatili unaoshitakiwa. Kwa hiyo usitege usilolijua mwisho wake. Tukumbuke pia kwamba kindi huyo si wa asili ya nchi hii. Aliletwa kutoka Amerika ya Kaskazini, na kuachiwa kwake kwa kwanza kunakojulikana kulifanyika Cheshire mwaka 1876, kwa kupamba bustani za matajiri. Leo amemsukuma kindi mwekundu hadi pembezoni, na lawama zote ni zake. Yeye na kunguru wa Unguja hawakujileta. Waliletwa na wenye starehe na haja zao, kisha wakaachwa wahukumiwe peke yao.

Kwa mzazi wa kijana: usimnunulie. Mbweha anafuata mfuko wa taka uliopasuka, afunge mfuko. Kumtilia sumu ni kosa kisheria. Lakini usimwambie "hapana" ukanyamaza, kwa kuwa ndani ya ombi lake mna jambo jema: anataka kuwa na faida kwa majirani. Mpeleke kwa jirani mzee aliyeshindwa kuziba tundu chini ya mlango wake, akalizibe. Mkabidhi ua wa nyuma aulime na aulinde, ajue uchungu wa kupanda kitu na kukipoteza. Kisha mwelezee babu yake aliyelala juu ya dungu akipiga debe, akiwa na mkuki kando asioupenda kuutumia. Kijana aliyeyajua hayo atajua pia ni lini silaha ni haja na ni lini ni mchezo.

Wenye maswali wayakabidhi kwa wahariri kama kawaida. Na wazee wetu waliowahi kufuatana na wasasi, Unguja, Pemba au mrima, watuandikie habari zao kabla hazijatupotea. Watoto wetu wanazihitaji.

Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu, na atujaalie huruma kwa viumbe vyake. Amin.

Wabillahi tawfiq.