Msituuzie Skrini, Tupeni Waya wa Ardhi

Kati ya maduka ya Luthuli Avenue na vibanda vya mafundi vya Mukuru kwa Njenga hapa Nairobi kuna uwongo unaouzwa kila siku, na bei yake ni skrini nzima. Kijana analeta laptopu yenye skrini ya kugusa, ambayo kishale chake kinakimbia chenyewe, kinafungua mafaili ambayo hakuna aliyeyagusa, kinatuma fomu kabla haijajazwa. Fundi anaitazama, anatikisa kichwa na kutoa hukumu: skrini imeisha. Mwingine anasema ni virusi. Jirani anasema mashine imerogwa. Kati yao, ni mmoja tu anayelipwa hata akikosea.

Nami nasema hivi bila kupepesa: hakuna mtu anayepaswa kulipia skrini kabla ya kuchomoa chaja.

Skrini ya kugusa haihisi uzito wa kidole chako. Chini ya kioo kuna mistari myembamba inayopitisha umeme, na kazi yake ni kupima badiliko dogo mno linalotokea kidole kinapokaribia. Padi iliyo chini ya kibodi hufanya kazi vivyo hivyo. Kipimo cha jambo dogo namna hiyo huvurugwa kwa urahisi. Chaja mbovu hupenyeza umeme mchafu hadi kwenye bodi ya mashine, na pasipo waya wa ardhi wa kuuondoa, skrini huanza kuona vidole visivyokuwepo. Umewahi kupitisha mkono juu ya laptopu ya chuma inayochaji ukahisi mtekenyo kwenye ngozi? Huo ndio ushahidi wako. Si jini, ni stima inayotafuta njia ya kutokea.

Sasa njoo Mukuru. Stima ya sambaza, ile ya kuungwa bila mita halali, inaingia nyumbani kwa nyaya mbili, ikiwa imepita juu ya mabati ya majirani na kuungwa kwa mkono. Soketi ina matundu matatu, ila moja ni pambo; nyuma yake hapajaungwa kitu. Kwenye soketi hiyo imechomekwa ekstensheni ya bei ya kutupa, na kwenye ekstensheni chaja bandia yenye nembo ya kampuni kubwa lakini isiyo na vipuri vya kuchuja umeme. Laptopu yenyewe ni ya "ex-UK", HP ProBook x360 au ThinkPad Yoga iliyomaliza miaka yake shuleni au ofisini ng'ambo, na betri yake imezeeka nayo. Mnunuzi anapewa mzigo huu wote, halafu anaambiwa mkosaji ni skrini!

Basi pima mwenyewe, hutatoa hata shilingi. Chomoa chaja, tumia betri. Kishale kikitulia, mkosaji ni chaja au soketi. Tafuta chaja halali, uijaribu mahali penye stima iliyofungwa vizuri. Kikiendelea kuruka, zima mashine na ufute kioo kwa kitambaa laini kikavu, maana vumbi la viwandani na unyevu unaodondoka kutoka kwenye mabati alfajiri vinatosha kukivuruga. Bado? Fungua Device Manager ya Windows, nenda Human Interface Devices, uzime kile kilichoandikwa "HID-compliant touch screen". Mibonyezo ikikoma, hapo skrini ndiyo inayoshukiwa, na hata hivyo utaendelea na kazi yako kwa mausi bila kununua chochote.

Isipokoma, geukia padi. Ikiwa imeinuka au imekuwa ngumu kubonyea, huenda betri imevimba chini yake. Hapo hakuna mzaha: zima mashine, usiichaji, usiitoboe betri, itolewe na anayeijua kazi. Na kama ni ThinkPad yenye kile kijiti chekundu katikati ya kibodi, kishale kikianza kuteleza polepole upande mmoja, ondoa kidole usubiri sekunde chache. Kijiti hicho hujirekebisha chenyewe. Kuna watu wamebadilishiwa skrini kwa sababu ya kijiti!

Mafundi watanijibu kwamba skrini hufa kweli. Hufa. Kioo chenye ufa hakiponi kwa kitambaa, wala waya uliokatika kwenye bawaba za laptopu inayokunjwa kila upande. Lakini fundi asiyeweza kunionyesha kosa likitokea huku chaja imechomolewa, na likikoma skrini ya kugusa inapozimwa, hajapima. Amekisia. Na anayekisia kwa pesa za mtu wa kibarua anamwibia.

Muuza duka naye asijifiche nyuma ya risiti yenye maneno kwamba bidhaa ikishauzwa hairudi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na habari za kumwezesha kuzitumia vyema. Sheria ya Kulinda Wateja ilipitishwa mwaka 2012. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hizo zinaishia Westlands.

Ila lawama kubwa naipeleka juu zaidi. Juni 2023 serikali ilizindua programu ya Gava Mkononi kwa mbwembwe, ikasema huduma zaidi ya 5,000 sasa ziko mtandaoni. Kodi ni mtandaoni. Mkopo wa masomo wa HELB ni mtandaoni. Nafasi ya chuo kupitia KUCCPS ni mtandaoni. Vijana wanahimizwa watafute vibarua vya mtandaoni kupitia mpango wa Ajira Digital. Sawa. Lakini mwombaji wa Mukuru atabonyeza vipi jibu sahihi ikiwa stima ya nyumbani kwake inambonyezea lisilo sahihi?

Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango. Mwishoni mwa 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga na kubomoa nyumba za watu kupisha barabara. Matingatinga yalijua njia. Waya wa ardhi bado umepotea. Kenya Power nao huja na misako, wakakata nyaya za sambaza na kuondoka, na wenye magenge ya stima wakazirudisha. Mkazi analipa kila mwezi, tena kwa watu wasiompa mita, risiti wala usalama, kisha anaitwa mwizi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mukuru inataka mita halali kwa bei ambayo mtu wa kibarua anaimudu, na nyaya tatu hadi ndani ya kila ploti, pamoja na swichi ya kukata umeme hitilafu inapotokea. Waya huohuo unaotuliza kishale, ukishirikiana na swichi hiyo, ndio unaomwokoa mtoto anapoegemea bati lililopata stima. Wenye ploti wanaokusanya kodi kila mwezi wabebe sehemu yao ya gharama; wawakilishi wetu katika bunge la kaunti waulize swali hili waziwazi, wakijua tutalikumbuka kwenye uchaguzi wa mwaka 2027.

Nawe msomaji, fundi akikwambia skrini imeisha, mwambie achomoe chaja kwanza, apime mbele yako. Akikataa, chukua laptopu yako uondoke.