BARAZA LA NYUMBANI: Onja Kwanza, Sifa Baadaye



Msimu wa korosho ukikaribia kwisha, arusi nazo huanza. Toka Kilwa Kivinje hata Mchinga na Lindi, mtu aliyepata fedha yake humwoza mwanawe, na vyombo vya kinywaji huletwa uani: vibuyu vya tembo kutoka kwa wagema wawili watatu, madumu ya uraka, na siku hizi hata chupa za divai ya Dodoma. Mwenye arusi husimama katikati ya vyombo hivyo na watu wote wanamtazama yeye. Kipi akilipie? Kipi akirudishe?

Wengi wetu hatuonji. Twasifu tu, kwa kuwa mgema ni shemeji, au kwa kuwa twaona haya mbele ya watu. Nao wahenga walikwisha kutuonya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Basi leo tufundishane kuonja.

Wewe mkulima kazi hii waijua tayari. Ukipeleka korosho ghalani, hazitazamwi gunia na kupokelewa. Huchukuliwa chache, hupimwa unyevu, hupasuliwa, ndipo uambiwe ni daraja la kwanza au la pili. Hukasiriki kwa kupimwa. Wakasirika usipopimwa kwa haki. Kinywaji nacho kina madaraja yake.

Fanya hivi. Chagua waonjaji wawili, watu wazima, na mmoja wao awe mama anayetunza ghala ya nyumba, maana yeye ndiye ajuaye fedha imetoka wapi. Mimina kila kinywaji katika bilauri safi, na chini ya kila bilauri weka alama ya mkaa, ili mwonjaji asijue ni cha nani. Hapo shemeji hana nafasi. Anzeni na kilicho laini, mmalizie na kilicho kikali. Kwanza tazama rangi kwenye mwanga, kisha nusa, kisha weka kidogo ulimini, kaa nacho, halafu teme. Ndiyo, teme! Aliyemeza vikombe sita hawezi tena kuhukumu cha saba. Kati ya bilauri na bilauri, sukutua kwa maji na utafune kipande cha muhogo mkavu.

Sasa nakuandikia alama zangu, kumi ikiwa ndiyo ya juu.

Tembo la asubuhi, lililoshushwa mnazini siku hiyo hiyo: 9. Ni jeupe kama maji ya mchele, lanukia karara, na huchoma ulimi kidogo tu. Lakini halingoji mtu. Utomvu ukianguka tu kibuyuni, hamira iliyomo hewani na katika mashapo ya jana huanza kula sukari yake. Baada ya saa chache limekuwa kali, na huweza kufikia sehemu 4 au 5 za kilevi katika sehemu 100. Ikiwa chakula cha arusi ni jioni, usipokee tembo la alfajiri ukadhani litabaki lile lile. Patana na mgema alete mara mbili. Nalo lililo changa, akina mama, liweke kidogo kwa vitumbua; bibi zetu waliumulia unga kwa tembo kabla ya hamira ya dukani.

Tembo lililolala: 3. Limechacha na lakereketa koo. Usilimwage. Lifunike kwa kitambaa, uliache siku kadha, utapata siki ya achari. Ila usilipe bei ya tembo kwa kitu kinachokwenda kuwa siki.

Tembo lililotiwa maji: 1, na hiyo moja ni kwa ajili ya kibuyu. Povu lake hufa upesi, si tamu, si chachu, ulimi hauoni kitu. Hapa kosa si la fedha peke yake. Maji yale yametoka kisima gani? Nani aliyachemsha? Kuhara na hata kipindupindu huweza kuingia arusini kwa mlango huo.

Uraka wa mabibo: 6. Bibo ni tunda jema, lina vitamini C kuliko chungwa, nasi twaacha mengi yaoze chini ya mikorosho. Juisi yake huchacha yenyewe siku moja au mbili. Uraka mzuri ni wa manjano, wanukia tunda, na ukakasi wake ni wa kiasi. Ukinusa harufu ya majani yaliyooza, jua ya kuwa mabibo yaliokotwa yakiwa yamelala chini pamoja na wadudu. Urudishe. Kasoro kubwa ya uraka haimo ndani ya dumu: ni kwamba huja wakati ule ule fedha ya korosho inapokuja, na ada ya shule huwa imelala pale pale kilabuni.

Divai nyekundu ya Dodoma, ile kavu: 7. Zabibu ziliingizwa Dodoma na wamisionari Wakatoliki, waliozipanda Bihawana mwaka 1957, na kwa jua la huko mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Rangi nyekundu yatoka katika maganda, yakiachwa pamoja na maji ya zabibu. Mtu aliyezoea tembo atakunja uso, maana divai kavu haina sukari. Hilo si kosa lake. Kosa ni harufu ya siki, au rangi iliyogeuka kuwa ya kahawia. Mara nyingi ni joto la pwani lililoiharibu, chupa ikikaa dirishani dukani. Nyumbani iweke gizani, karibu na mtungi wa maji. Tena kumbuka: divai huwa na kilevi sehemu 11 mpaka 13 katika 100. Bilauri moja ni kama bilauri mbili au tatu za tembo. Wengi huanguka kwa kuimimina kwa kata.

Divai tamu: 5. Wageni huipenda upesi, na kwa hiyo hunywewa kama soda. Wape bilauri ndogo.

Neno moja kwa wanaotaka kumpelekea Padre chupa kwa ajili ya Misa. Sheria ya Kanisa yataka divai ya asili, iliyotoka katika tunda la mzabibu, isiyoharibika. Divai ya ndizi haifai, wala ile iliyochanganywa na vionjo. Muulize paroko kabla ya kununua.

Sasa nakuja kwenye dumu moja ambalo silipi alama yo yote: gongo, au nipa kama wengine waitavyo. Lisionjwe kabisa. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 ilikataza kuitengeneza bila leseni, lakini sababu yangu ni nyingine. Hapo ulimi, hakimu wetu, hauna kazi. Humo huweza kuwamo methanoli, sumu isiyotambulika kwa harufu wala kwa ladha, nayo hupofusha macho na kuua. Wako wasemao ati ukiiwasha na moto ukawa wa samawati, ni salama. Si kweli, moto hauitengi sumu ile. Novemba 2000, mtaani Mukuru, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli, na wengine wakapofuka. Nao walikuwa wanywaji wazoefu. Mtu akinywa kisha akalalamika kuwa haoni vizuri, usimwache alale. Mpeleke hospitali saa ile ile. Kijana akileta dumu hilo nyuma ya jiko, wewe mwenye arusi lirudishe, hata kama ni zawadi.

Mwisho, jirani zetu. Huku kwetu pwani wengi ni Waislamu, nao huja arusini kwetu kama nasi twendavyo kwao. Madafu na sharubati yao yawe mahali pao, na vikombe vyao visiwe vile vilivyotiwa tembo. Jirani asilazimike kuuliza.

Mkimaliza kuonja, mwenye tembo la maji mwite kando, mwambie pasipo kumwaibisha mbele ya watoto wake. Naye aliyeleta tembo zuri mlipe siku hiyo hiyo. Usimwambie angoje malipo ya korosho.