MLIMA HAUUZWI: TUSINUNUE VUMBI KWA JASHO LA MIAKA MINANE



Kila mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka, wako watu wanaotungoja nje ya milango ya viwanda vyetu. Wana hema, wana meza, wana kipaza sauti, na wana picha kubwa ya rangi. Katika picha hiyo mna nyasi za kijani, mna twiga mmoja, na nyuma yake Mlima Kilimanjaro umevaa theluji. Chini yake yameandikwa maneno matamu: ploti za bei nafuu huko Kajiado, hati tayari, lipa polepole. Jumamosi huleta basi la bure, pamoja na soda na mkate, wakawachukua ndugu zetu kwenda kutazama. Jumatatu ndugu zetu wanarudi kazini wakiwa na risiti mfukoni na deni mgongoni.

Hatusemi kwamba kila auzaye ardhi ni mwizi. Wako wanaouza kwa haki. Wala hatumcheki mfanyakazi anayetaka kipande cha nchi. Mtu aliyekaa katika chumba cha kupanga Kitengela miaka ishirini, akiongezewa kodi kila mwenye nyumba apendapo, ana haki ya kutamani mahali pake mwenyewe pa kuzeekea. Lakini twasema wazi kwamba biashara hii, kwa namna inavyoendeshwa mbele ya milango yetu, ni mrija mwingine wa kunyonya mshahara ambao tayari hautoshi. Chama cha wafanyakazi hakina ruhusa ya kunyamaza.

WANAUZA NINI HASA?

Kwanza wanauza mlima. Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895 na wote uko Tanzania. Hakuna tajiri wa Nairobi wala wa Kajiado mwenye hati yake. Mtu anayepita katika barabara ya Namanga asubuhi, mawingu yakiwa yameondoka, huuona bure sawasawa na yule aliyelipa. Vivyo hivyo vilima vya Ngong, na Ol Doinyo Orok kule Namanga. Ukiambiwa kwamba ploti hii imezidi bei kwa sababu inatazama mlima, ujue unauziwa macho yako mwenyewe.

Pili wanauza maji yasiyokuwako. Kajiado ni nchi kame. Mvua zake ni za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, na hizo nazo hukosa. Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha, na mizoga ya ng'ombe ikatapakaa nyikani. Picha ile ya nyasi za kijani ilipigwa mwezi gani? Mwulizeni mwuzaji. Halafu mwambieni awapeleke Septemba.

Atawajibu kwamba kisima kitachimbwa. Kisima cha mashine katika nchi ile huenda chini sana, na sheria ya maji ya 2016 yataka kibali cha serikali kabla ya kuchimba. Tena maji ya visima vingi vya Kajiado yana floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia na ikizidi hudhuru mifupa ya watoto. Kitu kimoja tu cha mlima ule kinachofika kweli kwenye nyika ni maji ya chemchemi za Nol Turesh karibu na Loitokitok, yanayosafiri ndani ya bomba mpaka Kajiado, Athi River na Machakos. Bomba hilo lina wateja wengi kuliko maji yake. Aliye mbali nalo hununua maji ya lori, na bei ya lori huiweka mwenye lori.

Tatu ni udongo. Sehemu kubwa ya Kitengela na Kisaju ina udongo mweusi unaonata. Mvua ikinyesha huvimba, jua likiwaka hupasuka, na nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuchimba na kuuondoa hupasuka pamoja nao. Mafundi wetu wa ujenzi wanalijua jambo hili vizuri. Mwenye kipaza sauti halitaji kamwe.

HESABU YA MFANYAKAZI

Tupige hesabu, maana hesabu haina maneno matamu. Ekari moja ni futi 43,560 za mraba. Ploti wanayotuuzia ni futi 50 kwa 100, yaani 5,000. Ukiacha njia, ekari hutoa ploti saba. Tuseme mwuzaji ameinunua ekari hiyo kwa Sh. 800,000/- na kila ploti anaiuza kwa Sh. 400,000/-. Atapokea Sh. 2,800,000/-. Toa gharama ya mpima ardhi, ya basi na ya soda, uone kilichobaki ni cha nani.

Sasa tazama upande wetu. Kwa amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024, mshahara wa chini wa kibarua wa Nairobi uliwekwa kuwa Sh. 16,113.75 kwa mwezi. Kibarua huyo akijibana atoe Sh. 4,000/- kila mwezi, karibu robo ya mshahara wake, atalipa miezi 100, ndiyo miaka minane na miezi minne, bila riba. Akikopa katika chama cha akiba na mikopo, riba iko juu yake, na wadhamini wake wanne au watano wamefungwa naye kamba moja. Baada ya hapo bado kuna wakili, ada ya bodi, ushuru wa stempu wa asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani au 4 kwa ya mjini, nguzo za ua, na yule mwenye lori la maji. Na kumbuka kwamba tangu sheria ya nyumba nafuu ya Machi 2024, mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 1.5 na mwajiri huongeza nyingine kama hiyo, ili nyumba zijengwe. Basi mtu huyu mmoja anakatwa kwa ajili ya nyumba asiyoipata, analipa kodi ya nyumba isiyo yake, na analipia ploti asiyoweza kuikalia. Mara tatu kwa hitaji moja!

KARATASI SI ARDHI

Wengi wetu twadhani risiti ni ardhi, au barua ya kampuni ni ardhi. Si kweli. Sikieni mambo haya vizuri, na asiyejua kusoma asomewe.

Ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya Bodi ya Ardhi. Sheria ya 1967 yasema ombi la idhini lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano, na bila idhini mapatano hayo ni batili. Sasa tazameni hila: mwuzaji akuambia ulipe miaka mitatu kwanza, ndipo aende bodi. Bila idhini, sheria hiyo yakuachia kudai mapesa yako kama deni, au kuzunguka mahakamani mpaka mvi.

Kugawa shamba kuwa ploti kwahitaji ruhusa ya kaunti, kwa sheria ya mipango ya 2019. Bikoni nne na kamba si ruhusa. Mapatano ya ardhi lazima yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na yashuhudiwe. Na mwenye ardhi akiwa na mke, mke naye lazima akubali. Mama aliyebaki bomani na watoto wake hajui habari za hema letu hapa mlangoni, na siku akienda mahakamani atakuwa na haki.

Tena hata hati yenyewe haitoshi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, iliamua kwamba hati iliyotokana na mzizi mbovu haimkingi mnunuzi, hata kama yeye mwenyewe hakufanya hila. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, yasema hivyo hivyo: mali iliyopatikana kinyume cha sheria haina ulinzi.

Mwadhani haya ni ya vitabuni? Novemba 2011 nyumba za Syokimau zilibomolewa, wenyewe wakisimama na karatasi mkononi. Oktoba 2023 ikawa zamu ya Mavoko, jirani kabisa na Kitengela, katika ardhi ya kampuni ya simenti ya East African Portland. Watu waliokuwa wamejenga ghorofa waliona tingatinga likiingia sebuleni. Mfanyakazi hana akiba ya mara mbili. Akibomolewa mara moja, amebomolewa maisha.

NA MWENYE NCHI?

Kuna jambo ambalo wafanyakazi hatupendi kulisikia, nalo tutalisema. Ardhi hii inayoitwa tupu haikuwa tupu. Wakoloni waliwafanyia Wamaasai mikataba ya 1904 na 1911, wakawaondoa Laikipia na kuwasukuma kusini katika nchi hii ya ukame. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 walifukuzwa kwa hoja za kisheria. Baadaye sheria ya 1968 ikaleta mashamba ya vikundi, na la Kitengela likagawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mwanachama na kipande chake. Vipande vikaanza kuuzwa. Bandu bandu huisha gogo.

Nani alitajirika? Si mchungaji aliyeuza ekari kumi mwaka wa njaa ili alipe karo. Mtoto wake leo ni mlinzi wa usiku katika viwanda hivi hivi, yaani ni mwenzetu, na pengine ni mwanachama. Nyua zimekata njia za ng'ombe, na pia njia za wanyama wa mwitu waliokuwa wakitoka mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa 1946, kwenda kulisha nyanda za Kaputiei. Katika nchi kame ng'ombe huishi kwa kuhama. Ploti ya futi 50 kwa 100 haihami na haimlishi mbuzi mmoja. Basi dalali ananunua kwa mwenye njaa ya mvua na kuuza kwa mwenye njaa ya nyumba, na hao wawili hawaonani. Wangeonana, wangeulizana bei.

WANAOTUPINGA

Wako ndugu watakaosema: "Ninyi mnatutisha. Kitengela yenyewe ilikuwa pori, na walionunua zamani leo wana majumba." Ni kweli, na hatuwezi kuficha kweli. Lakini Kitengela haikukua kwa sababu ya picha. Ilikua kwa sababu iko karibu na Nairobi, viwanda vya Athi River viko mlangoni pake, ukanda wa viwanda vya nje ukaanzishwa kwa sheria ya 1990, na barabara ya Namanga yapita katikati yake. Thamani hiyo ilitengenezwa na kazi, nayo ni kazi yetu. Leo tunauziwa nyika iliyo mwendo wa saa nzima kutoka lami, na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo Kitengela ya kesho, kwa kuwa Konza iko upande ule. Jiji la Konza liliwekewa jiwe la msingi Januari 2013. Waliolipia ploti mwaka ule kwa matumaini ya kazi za Konza, hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Wengine watasema ardhi haiozi. Naam, haiozi. Lakini mnunuzi anazeeka.

TUSAFISHE NYUMBA YETU

Hema zile haziji mlangoni kwa upepo. Mahali pengine mwenye kiwanda hutoa ruhusa, mahali pengine hukubali kukata malipo ya ploti katika mshahara, kana kwamba yeye ni karani wa dalali. Na twasikia manung'uniko kwamba wako viongozi wa matawi wanaopewa "chai" kwa kila mwanachama aliyetia sahihi. Kama ni uongo, basi kusemwa hadharani hakutawadhuru. Kama ni kweli, mtu huyo hawezi kukaa meza moja na mwajiri kudai nyongeza yetu, huku mkono wa pili unapokea ya kuuza nyongeza hiyo.

Kwa hiyo twataka matawi yote yazungumze na kupiga kura juu ya mambo haya:

1. Mwuza ardhi yeyote asihutubie wafanyakazi kwa mlango wa chama, na kiongozi aliyepokea chochote kutoka kwake atangaze au aondoke.

2. Makato ya ploti yasipitie mshahara kwa mapatano ya mwajiri na mwuzaji.

3. Vyama vyetu vya akiba na mikopo visitoe mkopo wa ardhi mpaka daftari la ardhi limetafutwa kwa msajili, ramani imeonekana, mzizi wa hati umefuatwa nyuma, na mahali penyewe pametembelewa wakati wa kiangazi.

4. Wanaotaka kununua waungane wanunue pamoja, kwa wakili mmoja na mpima mmoja waliowachagua wenyewe, na waongee uso kwa uso na familia yenye ardhi, mke akiwapo.

5. Chama kidai kwa nguvu nyumba zilizojengwa kwa ile asilimia 1.5 ziwe karibu na kazi, na mfanyakazi wa mshahara wa chini apate nafasi halisi.

6. Juu ya yote, mshahara. Mtu mwenye mshahara wa kutosha hadanganywi na soda na mkate.

Ndugu, ukiona hema kesho, usimtukane mtu. Mwulize namba ya ardhi, jina la mwenye hati, na tarehe ya idhini ya bodi. Andika majibu, ulete tawini. Akikuonyesha mlima, mwambie umekwisha kuuona.

UMOJA NI NGUVU.